YAH: MFUMO WENU KUGOMA KWENYE WINDOWS 11, DATA ZANGU KUFUNGIWA NA NILIVYODHALILISHWA OFISINI KWENU

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kwa heshima na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe mpaka mwisho, isirudishwe dawati la huduma kwa wateja maana huko nimeshapita na ndiko mambo yalikoharibikia. Mkataba mnao, namba yangu ya mteja mnayo, ada ya mwaka ya shilingi 450,000 niliyolipa mnaijua na risiti mlinipa wenyewe, kwa hiyo sitawapotezea muda kwa vitu mnavyovijua.

Ninachoomba kwa sasa ni mfumo wangu wa duka ufunguke kwenye kompyuta mpya na data zangu zirudi kama zilivyokuwa. Basi.

Ila lazima niseme na jinsi nilivyotendewa, maana hilo siwezi kulinyamazia. Nimetoka Morogoro asubuhi na treni ya SGR, kompyuta nimeibeba kwenye boksi, nafika ofisini kwenu Dar es Salaam kijana wa dawati anachukua ile flashi ya leseni, ambayo bila kuchomekwa mfumo haufunguki, anainyanyua juu wenzake waione, anauliza kwa sauti "jamani nani bado anatumia hii?" na ofisi nzima ikacheka. Mimi nimesimama pale. Alafu akaniambia "mama tafuta kijana akusaidie, haya mambo sio ya umri wako." Mimi ni mteja wenu ninayewalipa. Nimeendesha hadiwea kwa mfumo huo huo miaka yote, saruji, nondo, bati, madeni ya mafundi, yote naingiza kwa mkono wangu na ripoti natoa mwenyewe, sijawahi kumuita kijana yeyote.

Na huko ofisini kwenu nilifuata nini? Nilifuata kitu mlichokianzisha nyie. Mwaka jana kabla ya Oktoba mlitutumia meseji ya WhatsApp, ninayo mpaka leo, kwamba Windows 10 inaisha msaada tarehe 14 Oktoba 2025 na mnatushauri wateja wote tuhamie Windows 11 mapema, na mkaandika kabisa kwamba mfumo wenu unafanya kazi bila shida yoyote kwenye Windows 11. Bila shida yoyote, maneno yenu hayo. Kompyuta yangu ya kaunta ilikuwa haikubali Windows 11, haina chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa yake ya zamani, kwa hiyo ikabidi ninunue mpya kabisa, tena kwa hela niliyokuwa nimetenga kwa ajili ya mzigo wa bati. Nimekuja kujua baadaye kwamba Microsoft wenyewe waliweka mpango wa kuendelea kupata apdeti za usalama za Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa hiyo kulikuwa na mwaka mzima wa kujipanga, mngeniambia hilo nisingekimbilia kununua kompyuta na duka lingekuwa linaendelea kama kawaida. Hamkusema. Na hiyo tarehe ya 14 Oktoba Microsoft walishaitangaza tangu 2021, Windows 11 yenyewe imetoka Oktoba 2021, mlikuwa na miaka minne ya kuujaribu mfumo wenu kabla hamjatuandikia wateja kwamba hauna shida.

Fundi wenu akaingia kwenye kompyuta yangu kwa AnyDesk, ile programu ya kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali. Kitu cha kwanza alichofanya, na nilimuuliza kabla hajafanya, akaifuta programu kwenye kompyuta ya zamani, eti ili data zisigongane, na faili la data akalihamisha, hakulikopi, alilihamisha. Nikamwambia kaka si tungejaribu kwanza huku mpya ikikubali ndio ufute kule, akasema usijali mama tunafanya kila siku. Akaweka mfumo kwenye mpya. Ukibonyeza inatokea nembo yenu, kiduara kinazunguka kidogo, alafu kinakuja kidirisha chenye alama nyekundu ya X kinasema ufunguo wa leseni haujapatikana. Na flashi imechomekwa! Kile kitaa chake ambacho siku zote kilikuwa kinawaka kijani kikawa hakiwaki kabisa. Akachomoa akachomeka, yaani mimi ndio nachomoa nachomeka yeye ananiambia kwenye simu, tundu la mbele, tundu la nyuma, wapi. Akaniambia nizime ulinzi wa Windows unaoitwa memori integriti. Nikamuuliza hiyo ikizimwa kompyuta haitaingia virusi, akasema zima tu mama. Nikazima, nikaiwasha upya, kidirisha kile kile. Akasema atanipigia. Hakupiga.

Hii kompyuta ndio inashika duka zima jamani. Mteja anakuja anauliza bei ya nondo ya milimita 12 dada wa kaunta hawezi kumjibu mpaka anipigie simu. Stoo sijui imebaki mifuko mingapi ya saruji. Na kibaya kuliko vyote ni madeni. Mkandarasi mmoja wa Kihonda alikuja kulipa, mtu muungwana tu, akataja kiasi anachodaiwa na mimi najua kichwani kwangu ni zaidi ya hapo maana alichukua mzigo wa bati mwishoni, ila sina cha kumuonyesha, faili lipo ndani ya kompyuta na halifunguki, nikapokea alichotoa nikamshukuru. Hiyo tofauti atanilipa nani? Na ritani ya VAT inatakiwa tarehe 20 ya kila mwezi, TRA hawataki kusikia habari za Windows, nimekaa usiku na mwanangu tunajumlisha ripoti za Z za mashine ya EFD na risiti za manunuzi kwa kikokotoo, kazi ambayo mfumo wenu ulikuwa unanipa kwenye ukurasa mmoja.

Niwaambie aliyenieleza tatizo ni nini. Ni fundi wa kompyuta wa hapa hapa mjini Morogoro, ana kibanda tu, hana AC wala kiti cha kuzunguka. Aliangalia muda mfupi akasema mama hapa hata wakeshe haitakubali. Akanionyesha kwamba Windows 10 yangu ya zamani ilikuwa ya biti 32, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, imekuja ya biti 64 peke yake. Programu ya biti 32 bado inafunguka humo, ndio maana nembo yenu inatokea, ila draiva ya biti 32, yaani programu ndogo ya kuiunganisha Windows na kifaa, Windows ya biti 64 haiipokei hata ufanyeje, na draiva ya flashi yenu ya leseni ni ya biti 32. Akanionyesha na ile pembetatu ya njano kwenye orodha ya vifaa, alama ya kwamba kifaa hakifanyi kazi. Kwa hiyo kuzimwa kwa memori integriti hakukuwa na maana yoyote, nilizimishwa ulinzi wa kompyuta yangu bure. Sasa ndugu meneja, kama fundi wa kibanda anajua, nyie mlioutengeneza mfumo na mkatoa flashi hamjui? Au mnajua na mkatuandikia ile meseji hivyo hivyo?

Nikasema basi nirudi kwenye kompyuta ya zamani, nyie niwekeeni tu programu kama ilivyokuwa. Jibu mlilonipa kwenye simu ni kwamba toleo lile hamlitoi tena. Mlilifuta wenyewe kwenye mashine yangu! Ninunue toleo jipya shilingi 2,800,000, na kuhamisha data ni gharama nyingine pembeni. Ndio nikabeba kompyuta nikaja, nikijua nikikutana na watu ana kwa ana tutaelewana.

Narudia hili la ofisini kwa sababu nataka uelewe vizuri lilivyokuwa, isije ikaonekana mama amekuja na hasira zake. Nilisalimia. Nilikaa kwenye benchi nikasubiri zamu yangu, waliokuja nyuma yangu wakahudumiwa mbele yangu nikanyamaza. Nilipoitwa nikaweka boksi kwenye dawati, nikaeleza taratibu, nikatoa flashi kwenye pochi. Kijana hata hakuichomeka popote. Hata kompyuta hakuitoa kwenye boksi. Aliinyanyua ile flashi kwa vidole viwili kama kitu kichafu, akawageukia wenzake, "nani bado anatumia hii?" wakacheka, mmoja akasema "hiyo iende makumbusho". Kwenye benchi alikuwepo wakala wa kampuni ya rangi anayeniletea mzigo Morogoro, ananijua, ananiita mama kwa heshima, aliona yote akainamisha macho kwenye simu yake. Mimi nikamwambia kijana mwanangu hiyo flashi mlinipa nyie na kila mwaka mnanidai ada kwa ajili yake. Ndio akanijibu hayo ya umri, tafuta kijana akusaidie, na akaita mtu mwingine. Nikatoka na boksi langu mpaka kwenye ngazi ndio nakumbuka flashi imebaki mezani kwake, nikarudi kuiomba, na aliponipa alikuwa bado anatabasamu. Mimi nina wajukuu. Sijawahi kuongeleshwa hivyo na mtoto wa mtu, iwe dukani kwangu au mahali popote ninapodai au kudaiwa.

Na hakuna aliyenipigia kuomba radhi mpaka naandika hapa. Iliyokuja ni meseji ya kunikumbusha ofa ya toleo jipya.

Kuna na hili la faili. Fundi wa hapa alijaribu kulifungua ili angalau nipate orodha ya madeni, likadai pasiwedi. Nikawapigia, mkasema pasiwedi ni siri ya kampuni kwa ajili ya kulinda mfumo. Sawa, mfumo ni wenu, sikatai. Ila majina ya wateja wangu sio mfumo wenu. Deni la mkandarasi wa Kihonda sio mfumo wenu. Mauzo ya duka langu nimeyaingiza mimi, mengine usiku baada ya kufunga, nyie hamkuingiza hata mfuko mmoja wa misumari. Na alafu fundi wenu siku ile ya AnyDesk alituma nakala ya faili hilo kwenu, niliona kwa macho yangu linavyokwenda, akasema atalifanyia kazi huko. Liko wapi? Lina majina ya watu, namba zao za simu na wanachodaiwa. Nani analo saa hizi?

Kwa hiyo yale niliyoomba mwanzoni hayatoshi tena. Nataka faili langu lifunguliwe na nipewe data zote kwenye Excel, wateja, madeni, stoo, mauzo, zote, bure. Nataka ile nakala mliyoichukua ifutwe na nipewe barua inayosema imefutwa na nani aliishika. Nataka niwekewe toleo linalofanya kazi kwenye Windows 11 bila kulipa hata shilingi, kwa sababu nililipia msaada wa mwaka na msaada sijapata. Kama hamuwezi basi nirudishieni ile 450,000 na bei ya kompyuta mliyonishauri ninunue. Na nataka radhi kwa maandishi kwa niliyofanyiwa ofisini kwenu, yenye saini yako wewe meneja, sitaki ya huyo kijana.

Nawapa siku saba tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita naenda Tume ya Ushindani, FCC, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji dhidi ya kuambiwa kitu kinafanya kazi wakati hakifanyi, na ile meseji yenu nimeshaitoa kwenye karatasi. Habari ya faili la wateja wangu naipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake ni ya 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, mkawaeleze wao mlichukua orodha ya watu kwa ruhusa ya nani na mmeiweka wapi. Mwanasheria nimeshaongea naye, na kuanzia siku ya nane hata hiyo bei ya kompyuta haitatosha, nitadai na mauzo niliyopoteza na tofauti ya deni la mkandarasi. Sisi wenye hadiwea wa Morogoro tuna grupu letu la WhatsApp na wengi wanatumia mfumo wenu, bado wako Windows 10, na wameanza kuniuliza wahame au wasihame. Sijawajibu bado. Nawasubiri nyie mnijibu kwanza.

Msinipigie simu. Nataka majibu kwa maandishi.

Mteja wenu,
Mwenye duka la vifaa vya ujenzi,
Morogoro.

Viambatisho: picha ya meseji yenu ya WhatsApp, picha ya kidirisha cha leseni, nakala ya risiti ya ada ya mwaka.