Kwa nini besimenti ya kupangisha haiwi bei ya jirani yako

Kuna voice note inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa huku Ontario, Kanada, kaka mmoja analalamika eti sisi makontrakta ni wezi, tumempa koteshini ya kugeuza besimenti yake, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, iwe nyumba ya kupangisha na jirani yake kafanyiwa kazi "hiyo hiyo" karibu na nusu ya bei. Kwenye grupu sijamjibu, pale ukijibu inakuwa vita na mashabiki wanakaa pembeni, najibu hapa. Na wala si yeye peke yake, swali hili naulizwa kila mara, kwa hiyo nikishaandika nitakuwa natuma link basi.

Kaka, jirani yako alimaliziwa besimenti. Fremu, pamba ya joto, jipsamu, rangi, sakafu, taa, watoto wanashuka kuangalia mpira. Wewe unataka familia nyingine ilale kule chini, ipike kule chini, ikulipe kodi, na Siti, yaani manispaa, iitambue. Hapo Building Code, sheria ya ujenzi, inaanza kuuliza, moto ukianza jikoni juu saa nane usiku, aliyelala chini atajuaje na atatokea wapi? Pesa yako kubwa inaenda kujibu hilo swali, na ukimaliza ukapiga picha haionekani hata kidogo.

Chukua dari. Kati ya nyumba ya juu na ya chini inatakiwa dari ya kuzuia moto, kwenye nyumba za zamani mara nyingi tunajenga ya kuhimili moto nusu saa. Hiyo ni pamba ya mawe katikati ya mbao, halafu jipsamu nzito ya Type X, halafu kila tundu la bomba na waya linazibwa na silikoni ya moto, ile nyekundu. Sasa mteja anakuja na picha za taa za kuzama darini, anataka kumi na nane, kila taa ni tundu kwenye dari ya moto na kila tundu lina kazi yake juu, lakini kwenye akili yake taa ni dola kumi na tano dukani. Kama fanesi, ile mashine ya joto, ni moja inapasha joto juu na chini, inaingia sensa ya moshi kwenye dakti, yaani bomba la hewa, ya kuizima hiyo fanesi moto ukitokea, la sivyo feni ndo itausambaza moshi vyumba vyote. Alam za moshi zinaunganishwa, ikilia ya chini na ya juu ilie, na za karbon monoksaidi karibu na vyumba vya kulala.

Dirisha je? Ghorofa yenye chumba cha kulala na isiyo na mlango wake wa kutokea nje inataka dirisha la kutorokea, uwazi usiopungua mita za mraba 0.35 na upande wowote usiwe chini ya milimita 380, na kama liko chini ya ardhi, shimo la nje liache nafasi ya milimita 550 mbele yake. Nyumba nyingi za zamani zina vile vidirisha vya kuchungulia miguu ya wapita njia. Kwa hiyo tunakata msingi kwa msumeno wa almasi, maji yanamwagika, tope la zege linaruka kila mahali, nyumba nzima inatetemeka mpaka mama mwenye nyumba anatoka na khanga yake kuuliza kama tunabomoa. Ndiyo mama, tunabomoa, kwa mchoro uliopitishwa.

Sasa njia ya mkato wanayoipenda watu. Unachukua pemiti, yaani kibali cha ujenzi, ya besimenti ya kawaida, kwenye mchoro unaandika "baa ndogo", sinki tu hakuna jiko, inspekta wa mwisho akishaondoka unaleta jiko usiku na mpangaji anahamia wikiendi. Kuna mafundi wanaiuza hii kama ofa kabisa.

Dada mmoja wa Brampton, mji jirani na Toronto, alinunua nyumba ya aina hiyo, dalali akamwambia besimenti inajilipa yenyewe. Baadaye mpangaji akagombana naye juu ya hita, mpangaji akapiga simu Siti, inspekta akaja akaacha amri. Ndo tukaitwa sisi. Ukuta mzuri, rangi nzuri, vigae vimepangwa vizuri tu sitadanganya. Tulipofungua nyuma ya jiko tukakuta waya namba 12, ambao kazi yake ni ampea 20, umefungwa kwenye breka ya 40, na plastiki ya waya pale kwenye maungio ilishakuwa kahawia kama andazi lililopitiliza kwenye mafuta. Ule waya ulikuwa unapikia watoto wawili. Ikabidi kubomoa jikoni, bafu (mabomba hayakuwa na vent, bomba la kupumulia), na dari yote. Dada akalipa ya kwanza kwa yule, akalipa kubomoa, akalipa kujenga upya. Na mpangaji humtoi tu kwa sababu besimenti si halali, sheria ya upangaji inamlinda vile vile, notisi ya kumtoa kwa matengenezo makubwa ni siku 120. Hapo bima haijui kama kuna mtu chini, nayo hiyo ni kesi nyingine ukiungua.

Mwingine ni mzee wangu mmoja, namheshimu sana, tulikuwa tunasubiri inspekta aje aone mabomba na fremu, yeye wageni wake wanatua Jumamosi kutoka Nairobi, akawaita wajukuu wakafunga jipsamu yote Ijumaa usiku. Jumatatu inspekta kaangalia ukuta, hakusema mengi, "fungueni". Mzee akaniuliza kwa nini namchaji kufungua. Shikamoo mzee, nilikuchaji nusu, unakumbuka.

Na hili la "sheria mpya imeruhusu nyumba tatu kwenye kiwanja kimoja, pemiti haihitajiki tena". Hiyo ni Bill 23 ya 2022, sheria ya Ontario, na iligusa mambo ya matumizi ya kiwanja. Pemiti ya ujenzi iko pale pale, na umeme una kibali chake pembeni kupitia ESA, mamlaka ya usalama wa umeme, kwa kontrakta wa umeme mwenye leseni, shemeji yako aliyesomea umeme VETA, chuo cha ufundi kule nyumbani, hahesabiki hata awe mzuri vipi.

Kitu cha kwanza wateja wanachokata kwenye koteshini ni valvu ya kuzuia maji machafu yasirudi ndani. Mvua ya tarehe 8 Julai 2013 ilimwaga milimita 126 pale Pearson, uwanja wa ndege wa Toronto, ikaja tena ya 16 Julai 2024, na simu tulizopata wiki ile, wengi ni wale wale walioikata. Siku hizi bila valvu sisaini.

Bei basi. Besimenti ya chumba kimoja, bila kuchimba sakafu, tunaanzia kama dola elfu 70 na michoro na pemiti ndani, kodi ya mauzo (HST) ya 13% juu yake. Malipo yanafuata ukaguzi, inspekta akipitisha hatua unalipa hatua.

Kabla hujanipigia, chukua tepu upime toka kwenye zege hadi chini ya mbao za sakafu ya juu, halafu chini ya dakti kubwa kuliko zote. Nyumba ikiwa na zaidi ya miaka mitano inatakiwa mita 1.95. Ukipungukiwa sana tunaongea habari ya kuchimba chini ya msingi kipande kwa kipande pamoja na injinia, na hiyo peke yake inaweza kumeza hela kama kazi yote iliyobaki, bora ujue mapema. Piga na picha ya paneli ya umeme mlango ukiwa wazi nione kama ni ampea 100 au 200, tuma na mwaka nyumba ilipojengwa. Hivyo vinanitosha kukupa makadirio. Ukinitumia picha ya jiko kutoka Pinterest peke yake, nitakwambia ni zuri.