Picha za fraktali sio akili mnemba

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi mambo vipi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti la Jumapili nalisomea kijiweni kwa fundi cherehani jirani yetu na nikiri tu kwamba sio kila wiki nanunua mimi. Wiki mbili zilizopita kwenye ukurasa wa sanaa kulikuwa na makala inasema picha za kompyuta zote siku hizi ni akili mnemba, mtu anaandika sentensi moja, anasubiri kidogo, anajiita msanii. Sikatai, watu hao wapo na wamejaa. Ila hilo neno "zote" limenikosesha usingizi, maana mi natengeneza picha za fraktali mwaka wa nane huu na sijawahi kuiandikia kompyuta sentensi ikanichorea kitu.

Fraktali ni nini. Nenda sokoni nunua koliflawa, chomoa kichane kimoja, utaona hicho kichane ni koliflawa nzima ila ndogo, nacho kichomoe kidogo zaidi, stori ile ile. Au tazama delta ya Rufiji kwenye picha za setilaiti, mto unagawanyika, mkono nao unagawanyika, mpaka kwenye vijito vya kwenye mikoko. Hiyo tabia ya umbo kujirudia ndani yake lenyewe ndo fraktali, na hilo jina alilitoa Benoit Mandelbrot mwaka 1975, mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa mtafiti wa IBM kule Marekani.

Hesabu yake hata wewe Mhariri unaiweza kwa kikokotoo cha simu. Anza na sifuri, izidishe kwa yenyewe, jumlisha namba uliyoichagua, jibu nalo lizidishe kwa lenyewe, jumlisha namba ile ile, endelea. Ukichagua 1 unapata 1, 2, 5, 26, 677, imeshakimbia hiyo huikamati tena. Ukichagua -1 unapata -1, 0, -1, 0 mpaka kesho asubuhi, imetulia. Inayotulia unaipaka nyeusi, inayokimbia unaipa rangi kutokana na hatua ilizochukua kabla haijatoroka, na unafanya hivyo kwa kila nukta ya skrini (namba zenyewe zina pande mbili, ya kulala na ya kusimama, tusiingie huko leo). Basi, hakuna uchawi mwingine. Kuna Mfaransa anaitwa Gaston Julia aliandika hesabu za ukoo huu mwaka 1918, pua yake ilikuwa imepotea kwenye vita vya kwanza vya dunia, na alikuwa hana kompyuta, ni karatasi na kichwa. Alifariki 1978, na Mandelbrot akaja kuziona picha zake vizuri kwenye mashine mwaka 1980. Yaani mzee kapanda mwembe hajaonja embe.

Sasa tuje kwenye hoja. Kompyuta inapiga hesabu, hiyo ni kweli, mamilioni ya hesabu ambazo mimi nisingezimaliza hata nikizaliwa mara tatu. Lakini haijui wapi pazuri. Lile umbo linalotoka kwenye hesabu ile, wanaliita la Mandelbrot, ukiliangalia zima ni kama kobe mweusi kalala na kila mtu kashaliona, uzuri uko pembeni kwenye ukingo, na ule ukingo hauna mwisho, unavuta karibu unakuta vitu vipya, unavuta tena. Kuna bonde watu wa fani hii wanaliita la farasi wa baharini, liko karibu na -0.75 kwa kulala na 0.1 kwa kusimama, mi nimeshazunguka mule usiku usiohesabika. Kuna siku unazama masaa manne unatoka mikono mitupu, kila unachokiona ni kizuri ila ni kizuri cha kila mtu. Halafu ghafla kwenye kona unakuta msuko umekaa kama mkia wa tausi unageuka, unasimama hapo hapo unapumua taratibu kama mtu kaona swala asije akamtorosha. Na ukizama sana kuna mahali namba za kawaida za kompyuta zinaishiwa tarakimu, zina kama 15 au 16 tu, picha inavunjika inakuwa vigae vigae. Wengine hapo wanarudi juu. Mi ile mivunjiko naipenda, nimeitumia kwenye picha mbili, hiyo nayo ni kuchagua jamani, kompyuta isingenishauri.

Baada ya hapo rangi, na rangi ndo inakula siku. Programu inakupa utepe wa rangi unauvuta huku na huku, ukisogeza kidogo tu picha yote inabadilika tabia, ya harusi inakuwa ya msiba. Ndo naipeleka kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, natumia hiyo kwa sababu ni ya bure na kompyuta yangu ni ya mtumba, Photoshop siiwezi bei. Naweka leya juu ya leya, yaani tabaka za picha, moja naitia ukungu naichanganya na ya chini iwe kama inawaka kwa ndani, nyingine naipitisha kwenye ile filta inayokunja picha nzima kuwa duara, naipunguza nguvu, nafuta nusu yake kwa brashi.

Na hapa nikubaliane na mwandishi wenu kidogo, asije akadhani nimekuja kugomba tu. Filta zimeharibu watu wengi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nachukua picha yoyote, naisokota na filta ya kusokota mara tano, naweka mwanga wa kamera pembeni, napost naitwa fundi. Ule ulikuwa uvivu, nikiziona leo naona aibu. Ukiangalia picha ukaijua filta kabla hujaijua picha, hapo hakuna kazi iliyofanyika. Sheria yangu siku hizi ni kwamba filta iingie ikafanye kitu halafu isionekane ilipopita.

Kilichoniuma zaidi ya makala ni kwamba mwaka jana nilipeleka picha kwenye shindano fulani hapa mjini, silitaji jina, nikaambiwa mlangoni "hatupokei za AI". Dada wa mapokezi hakuwa na makosa, kaambiwa hivyo na waliomtuma. Nikamwambia dada yangu nina faili hapa kwenye fleshi, nikaonekana msumbufu, nikabeba picha yangu kwenye daladala saizi A2 imekunjwa kama mkeka, konda akanidai nauli ya mzigo.

Nimeutaja mkeka, ngoja nimalizie hapo hapo. Bibi yangu kule Pangani alikuwa anasuka ukili. Kanuni ya ukili ni fupi kama ile hesabu ya juu, juu chini juu chini, ongeza ukindu unapoisha, na anairudia mara elfu ngapi sijui mpaka upatikane mrefu wa kushona mkeka mzima. Wapi auweke mwekundu, wapi aache ukindu mweupe, wapi aanze ruwaza upya, hiyo haikuwa kwenye kanuni. Sijawahi kumsikia mtu Pangani anasema mkeka ule umesukwa na kanuni. Mtu alikuwa anauliza huu kasuka nani, anatajiwa bibi, biashara inaendelea.

Ninachoomba Mhariri sio kikubwa. Mnapochapisha picha ya kompyuta andikeni chini yake imetengenezwaje, neno moja tu linatosha, fraktali au picha ya kamera au kuchora kwa kalamu ya kompyuta au akili mnemba, kila mtu abaki na lake. Na wenye mashindano waombe faili la kazi. Picha ya fraktali ina faili la vipimo, ni maandishi tu, dogo kuliko hii barua, lina namba za mahali, kina na rangi, na ukilifungua kwenye programu ile ile kwenye kompyuta yoyote inatoka fraktali ile ile nukta kwa nukta. Faili la GIMP nalo lina leya zote, mtu anazifungua moja moja anaona nilipokosea na nilipofuta. Aliyeandikia sentensi akili mnemba hana hivyo vitu vya kuonyesha, ana sentensi yake. Dakika mbili mabishano yameisha na hakuna anayerudishwa na mzigo kwenye daladala.

Kuhusu kuwatumia picha mchape, nilitaka iende pamoja na barua hii. Kwa uchapaji mzuri wa A2 inatakiwa kama pikseli, yaani nukta za picha, 4961 kwa 7016, hiyo ni karibu pikseli milioni 35 na kila moja inapigiwa hesabu zake peke yake, kompyuta yangu inachukua usiku mzima na zaidi. Juzi ilifika asilimia 94 saa kumi alfajiri LUKU ikaisha, sina UPS ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, na programu yangu haina habari ya kuendelea ilipoishia. Jana nimenunua umeme wa elfu kumi, nimewakataza watoto kupiga pasi, na hivi naandika iko asilimia 61.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam