Mirunda haitolewi zege likiwa bichi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika neno. Taarifa yenu kuhusu watoto wa darasa la tatu wasiojua hesabu za kutoa imenishinda kunyamazia, maana mmewaita wavivu wa kufikiri. Mtoto anayeandika 52 − 27 = 35 si mvivu. Ameona mbili kutoa saba haiwezekani, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Aliondolewa vijiti vya kuhesabia mapema.

Fundi hatoi mirunda inayoshikilia zege likiwa bichi; vijiti navyo ni vivyo hivyo. Kwa swali hilo, weka mafungu 5 ya vijiti kumi kumi na vijiti 2 vya pekee. Mwalimu atangulie, akisema kwa sauti anachowaza: "Nataka kutoa 7, ninavyo 2 tu, nafungua fungu moja." Sasa kuna mafungu 4 na vijiti 12. Vikitoka 7 vinabaki 5, yakitoka mafungu 2 yanabaki 2: jibu 25. Arudie na darasa zima, kisha watoto wawili wawili, kisha mmoja mmoja. Hapo vijiti vikae pembeni, mtoto achore: mstari kwa kumi, nukta kwa moja. Michoro ikizoeleka, zibaki tarakimu. Wengi wanairuka hatua ya kuchora, na ndiyo maana "kuazima kumi" kunageuka wimbo: mtoto anakata 5, anaandika 4, ukimuuliza kwa nini anakutazama tu. Huyo arudishiwe vijiti, hata kama wenzake wameshasonga mbele. Akieleza vizuri, mpe 40 − 16. Sifuri haifichi kitu: asiyeelewa atakwama hapo. Wapo pia wanaoachiwa vijiti hadi darasa la nne, wanahesabu kimoja kimoja kuanzia moja mpaka 52, na mtihani unawaishia mkononi. Hilo nalo ni kosa la mwalimu, si la mtoto.

Halafu hili la kuuliza "Mmeelewa?" na watoto 80 kuitikia "Ndiyooo!" likome. Kiitikio hakimwonyeshi mwalimu nani amekwama. Na shule moja ninayoifahamu ina vihesabio vizuri kabisa, vimefungiwa kabatini vikisubiri siku ya wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule!

Fagio moja la chelewa linatosha madawati kadhaa. Kila dawati lipate njiti 99 zenye urefu wa kidole: mafungu 9 yaliyofungwa kwa mpira wa kufungia noti, na njiti 9 huru. Zikae juu ya dawati, kila siku ya hesabu.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro