Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Daftari la Hatari na Yaliyoonekana Migodini

Ndugu wanachama, wamiliki wa migodi ya tanzanite, mabroka na akina mama wa magonga (malundo ya kifusi cha migodini),

Mkutano wetu uliopita hapa Arusha uliniagiza niandike daftari la hatari. Nakiri niliipokea kazi hiyo shingo upande, nikidhani ni makaratasi ya kuwaridhisha maofisa. Daftari sasa limejaa, na karibu yote nitakayosema yametoka humo. Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina. Wanaodaiwa ada wanajijua.

Kamati iligawana migodi ya wanachama kule Mirerani, tukashuka wenyewe. Kila mwenye mgodi tulimuuliza anaogopa nini. Walianza na bei, wakaja kwenye kodi na tozo, kisha utoroshaji wa mawe, ingawa tangu 2018 tuna ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka migodi. Maji hakuyataja mtu. Nasi ndio tuliokuwapo mwaka 1998, na tena Machi 2008, mvua ilipoingia mashimoni na kuua makumi ya vijana! Mimi mwenyewe simo nje ya lawama: mfereji wa mvua ulioko juu ya mgodi wangu tuliukuta umezibwa na kifusi nilichomwaga mimi. Nimeuzibua. Wengine bado, na masika hayatangoja mkutano ujao.

Jambo lililotuchukulia muda kuliko yote ni mitobozano, yaani mgodi mmoja kutobolea ndani ya mwingine chini ya ardhi. Leseni inapimwa juu ya ardhi na mpaka wake unashuka wima, lakini mwamba wa kinywe (grafiti) tunaoufuata unalala mshazari, unajikunja, unapotea, unarudi. Mchimbaji akiufuata kwa uaminifu kabisa atajikuta kwa jirani bila kujua. Mwaka huu wanachama wetu wawili walitobozana. Mmoja alikuwa anajiandaa kulipua wakati vijana wa mwenzake wako upande wa pili wa ukuta mwembamba wa mwamba, na kilichowaokoa ni kelele za kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine. Tulipowakalisha kusuluhisha, tuliomba ramani ya chini ya kila mmoja. Hakuna aliyekuwa nayo! Msimamizi mmoja alichora yake mezani kwa kalamu ya kuazima, akaigeuza mara mbili akitafuta kaskazini iko wapi.

Hapo ndipo nilipobadili mawazo. Nilikuwa nahesabu hatari kama vitu vinavyotoka nje: mvua, soko, serikali. Daftari linaonyesha kwamba nyingi zinaanzia kwenye kutopima kwetu.

Chukueni suala la hewa. Katika mgodi mmoja kompresa ilikuwa imewekwa pembeni ya jenereta, inavuta moshi ule ule na kuupeleka chini kwa vijana. Kuisogeza kulituchukua nusu saa. Vumbi ni gumu zaidi, kwa sababu kuchoronga kwa maji kunahitaji maji, na kule Simanjiro, wilaya iliko Mirerani, sote tunajua maji yanavyopatikana. Lakini vumbi la mwamba likikaa mapafuni halitoki, na mapafu yaliyochoka hivyo yanaikaribisha kifua kikuu. Wenzetu kadhaa tumewasindikiza hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto. Kijana anayekohoa miezi miwili anaambiwa ni baridi ya Mirerani. Baridi gani hiyo, jamani?

Kwa upande wa soko nitakuwa mfupi. Mabroka wa Arusha walionja hatari yake mwaka 2021, biashara ya tanzanite ilipohamishiwa Mirerani. Wazee kati yetu wanakumbuka pia mwisho wa 2001, gazeti moja la Marekani lilipoyahusisha mawe yetu na magaidi. Baadhi ya wauzaji wakubwa wa huko wakaacha kuyauza, na bei ikaporomoka. Mwenye kumbukumbu za jiwe lilikotoka, siku lilipotoka na mikono liliyopitia ana cha kujibu siku kama hiyo. Wengi wetu hatuna.

La mwisho halipendwi. Tanzanite ya kuuzwa haichimbwi popote duniani isipokuwa kwenye vilima hivi, na imechimbwa tangu 1967. Mwaka 2020 mchimbaji mwenzetu Saniniu Laizer aliuza mawe mawili, la kilo 9.27 na la kilo 5.1. Tulifurahi naye, lakini tangu siku hiyo kila mmoja wetu anangoja zamu yake kama anayengoja bahati nasibu, huku anakopa mafuta na baruti. Hakuna aliyeandika amechimba mita ngapi, amekuta mwamba gani, jiwe lilikaa wapi. Kinywe tunakitupa. Mawe madogo tunayamwaga na kifusi, na akina mama wakiyapata kwenye magonga tunawaita wenye bahati.

Kamati inapendekeza mambo mawili yapigiwe kura leo. Kwanza, tuchange pamoja tumlipe mpimaji mmoja achore ramani za chini za migodi yote ya wanachama, kuanzia na wanaopakana. Pili, kila msimamizi awe na kitabu cha mgodi, kijazwe kila zamu, hata kama ni mstari mmoja wa kusema hatukukuta kitu. Anayepinga aseme hapa ukumbini, si nje kwenye chai.

Orodha ya mifereji iliyoziba iko kwa katibu, na jina la kila mgodi limeandikwa. La kwangu nimelikata kwa kalamu nyekundu.