Umelipa, na mbwa bado ananguruma

Lalamiko hili halituishi, na maneno yake ni yale yale: "Hela yenu nimewapa, mtoto kazaliwa, na mbwa bado ananguruma." La karibuni lilikuja kwa ujumbe mrefu wa mama mmoja aliyesema waziwazi kwamba tumemwibia. Yeye tumeshazungumza naye. Ila tunajua wapo wengine wanaowaza hivyo hivyo na wamenyamaza, basi tutalijibu hapa. Kazi yetu ni kuwaandaa mbwa na paka kwa ujio wa mtoto mchanga.

Tunapoitwa kwenye nyumba inayotarajia mtoto, hatuendi kumnyamazisha mbwa. Huduma hiyo hatuna, na mteja akiitaka tunamkatalia hata kama pesa ameishika mkononi. Mbwa anayenguruma anasema: hapa sina amani, nisogezeeni hiki kitu. Mchape kila anaponguruma na kweli ataacha kunguruma, lakini woga wake utabaki pale pale, tena umeongezeka, maana sasa kila mtoto anaposogea yeye anachapwa. Wale mbwa ambao watu husema "aliuma tu ghafla, hakutoa hata dalili", ukikaa na wenye nyumba ukawauliza taratibu, mara nyingi utasikia kwamba dalili alikuwa akizitoa na alikuwa akipigwa kwa kuzitoa.

Turudi kwa huyo mama. Tulimwomba atueleze siku yenyewe ilivyokuwa. Mtoto alikuwa kwenye zulia, akaanza kulia. Mbwa alikuwa hatua chache pembeni, kalala na mfupa. Akanguruma, akauacha mfupa, akainuka, akaenda kulala kwenye mkeka wake wa pembeni tuliomzoeza. Mama alisikia ngurumo tu. Sisi tulisikia mbwa aliyekerwa, akasema, kisha akachagua kuondoka badala ya kusogea. Hiyo ndiyo kazi aliyoilipia. Kilichokosewa siku hiyo ni mfupa: tulishasema mifupa, bakuli la chakula na kitu chochote ambacho mbwa hukilinda visiwe chumba kimoja na mtoto. Mfupa ukitaka kumpa, mpe nyuma ya mlango uliofungwa.

Na kabla ya kunguruma kuna mambo mengi ambayo mbwa huwa ameshayasema. Hulamba midomo wakati hakuna chakula. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Hugeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukijitokeza, mwili hukakamaa, mkia hubanwa katikati ya miguu. Ziara ya kwanza karibu yote tunaimalizia hapo: tunawakalisha wenye nyumba sakafuni, wamwangalie mbwa wao na kutaja kwa sauti kila wanachokiona. Wengine huona tunapoteza muda. Baba mmoja alituuliza mafunzo yenyewe yanaanza lini. Jioni ile ile akatutumia picha ya mbwa wake amekumbatiwa na mtoto wa jirani, akaandika chini yake: "Kumbe huyu hapendi." Masikio yamelazwa nyuma, kichwa kimegeuzwa, mdomo umebanwa. Picha alikuwa nayo siku nyingi, na kila aliyeonyeshwa alisema inapendeza.

Sasa suala la muda, ambalo ndilo linaloleta ugomvi wa bei. Mimba huchukua wiki 40 hivi. Tunaomba tuitwe ikiwa katikati, au ikichelewa sana miezi 2 au 3 kabla ya kujifungua. Sababu yake haina siri. Kila kitakachobadilika kwa mbwa mtoto akija, kibadilishwe sasa, ili mbwa asije akamhesabia mtoto hasara hiyo: saa ya kula, saa ya kutembezwa, nani anamtembeza, kochi, chumba cha kulala. Kuna familia mbwa wao alilala kitandani kwao tangu akiwa mdogo. Usiku wa mtoto kuletwa nyumbani ndio usiku aliotolewa nje ya chumba. Alikwaruza mlango hadi alfajiri, mtoto akalia, baba akatoka na kandambili. Walipotuita, tulianza na mbwa anayetetemeka akisikia kilio cha mtoto. Kazi ambayo ingeisha kwa ziara chache iliwagharimu karibu mara mbili. Wakati wa mimba walishatupigia, wakasema bei yetu ni kubwa.

Njia za mkato tunazijua zote. Inayopendwa zaidi ni kumpeleka mbwa kwa jamaa "mpaka mtoto akue kidogo". Mbwa anarudi baada ya miezi kadhaa na kukuta kiumbe asichokijua kinatambaa sakafuni kwake, macho kwa macho naye, kinashika mkia na kutia mkono kwenye bakuli lake. Angekuwepo tangu mwanzo angezoea kwanza harufu, kisha sauti, kisha mwendo, kimoja kimoja. Sasa anapewa vyote siku moja.

Ya pili ni kanga au blanketi la hospitali lenye harufu ya mtoto, analoletewa mbwa kabla mtoto hajafika. Hatulipingi. Mbwa alinuse, hakuna ubaya, mradi lishikwe mkononi na aje mwenyewe, asisukumiwe puani. Ila usidhani blanketi peke yake ni maandalizi. Harufu ya mtoto itakuwa mwilini mwa mama mwenyewe tangu anapoingia mlangoni. Kinachowashinda mbwa ni kilio cha saa nane usiku na watu ambao hawana tena muda nao.

Kuhusu kilio, watu huwasha sauti ya mtoto kwenye simu wakaiacha iungurume. Sisi tunaanza chini kabisa, mbwa asogeze sikio tu, basi. Sauti ikianza, vipande vya nyama vinadondoka. Sauti ikikoma, nyama inakoma. Ikipanda, inapanda kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mteja mmoja alimfungia mbwa chumbani na sauti imejaa mchana kutwa ili "azoee". Tulipofika, mtu akiinua simu tu mbwa anatoka chumbani.

Na tafadhali, kola za umeme, minyororo ya kubana na chupa za maji za kumrushia mbwa usoni mtoto akiwa karibu: ukishavitumia, tuambie. Hatutakugombeza, lakini tunapaswa kujua tunapoanzia.

Wenye paka huja na swali moja: tumtoe? Wanaogopa toksoplasma, vijidudu vinavyoweza kutoka kwenye kinyesi cha paka, na hofu hiyo ina msingi, maana maambukizi mapya wakati wa mimba yanaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ila sikiliza jinsi inavyokwenda. Paka akiambukizwa kwa mara ya kwanza hutoa vijidudu hivyo kwenye kinyesi kwa wiki chache tu, na kinyesi chenyewe hakiambukizi papo hapo. Ni lazima zipite siku 1 hadi 5 kwanza ndipo kiweze kuambukiza. Kwa hiyo sanduku la mchanga lisafishwe kila siku, na asafishe mtu mwingine, si mjamzito. Kama yuko peke yake, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Paka asipewe nyama mbichi. Na mjamzito aache nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa, kwani vijidudu hivyo huingia pia kwa njia hiyo, hata nyumba isiyo na paka. Kipimo cha damu kipo. Mwulize daktari wako kabla hujamfukuza mnyama wa watu.

Yale ya paka kunyonya pumzi ya mtoto ni hadithi. Paka anafuata joto. Hatari ni kwamba anaweza kujilaza karibu na uso wa mtoto ambaye bado hawezi kujisogeza. Mlango wa chumba anacholala mtoto ufungwe. Nyavu za kufunika kitanda hatuzipendekezi: paka hupanda juu yake, wavu hubonyea, na chini yake yumo mtoto.

Kosa la kawaida zaidi kwa wenye paka ni sanduku la mchanga kuhamishwa ghafla kupisha vitu vya mtoto. Tuliwahi kuitwa kwa paka "mwenye wivu" aliyekojolea nguo za mtoto zilizokunjwa vizuri kitandani, mtoto akiwa hajazaliwa. Sanduku lilikuwa limetolewa kwenye kile chumba na kupelekwa barazani ghafla, ndani ya siku moja. Paka alirudi alipozoea kujisaidia, akakuta kitanda. Tulilirudisha sanduku, kisha likawa linasogezwa hatua moja, siku kadhaa zinapita, hatua nyingine. Mkojo ukakoma. Wivu gani tena?

Wenye kobe, mijusi na vifaranga tutawaambia kwa ufupi: wanabeba salmonela, bakteria wanaoleta homa na kuhara, bila kuonyesha ugonjwa, na mtoto wa chini ya miaka 5 asiwashike kabisa. Nawe ukiwashika, nawa kabla ya kumshika mtoto.

Mnyama yeyote tunayemchukua lazima kwanza aonwe na daktari wa mifugo: chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, meno, masikio, viungo. Hapa pia tunaambiwa tunaongeza gharama. Mbwa mmoja mzee aliletwa kwetu kwa "ukali" ulioanza mama mwenye nyumba alipopata mimba. Daktari alikuta sikio limeoza kwa ndani. Alipotibiwa, ukali ulibaki kidogo sana, na sisi tukalipwa kidogo sana. Tungeweza kumfundisha sikio likiuma, tukachukua ada nzima.

Siku ya kurudi kutoka hospitali, mama aingie kwanza bila mtoto, asalimiane na mbwa mpaka kimuhemuhe kiishe. Mtoto aingie baadaye, mbwa akiwa kwenye kamba iliyolegea, aliyembeba mtoto ameketi. Mbwa asilazimishwe kusogea na asisukumwe akisogea. Tangu siku hiyo mtoto na mbwa hawaachwi peke yao, hata kwa muda wa kwenda kuzima jiko. Mbwa mpole vilevile. Unatoka, unatoka na mmoja wao.

Kisha ipo ziara ya mwisho, ile ambayo kila mteja hutuomba tuikate ili bei ishuke. Tunaifanya mtoto anapoanza kutambaa, kwa wengi kati ya miezi 6 na 10. Mtoto aliyelazwa mahali pamoja wamemzoea wote; anapotambaa ni habari nyingine, na simu nyingi za hofu zinatujia wakati huo. Tunaweka mageti madogo, tunahamisha mkeka wa mbwa mahali mtoto hafiki, tunaangalia kama mbwa ana njia ya kuondoka bila kumruka mtoto. Ziara hiyo haikatwi. Imo ndani ya bei tangu mwanzo, na ndiyo maana ukilinganisha bei yetu na ya anayekuja mara moja utaona tofauti.

Wapo pia mbwa ambao tukishawaona tunasema hapana, huyu atafutiwe nyumba isiyo na watoto. Siku hiyo tunatoza tathmini tu, na mteja huondoka amenuna.

Ukitupigia, tutajie mimba ina miezi mingapi, mnyama ana umri gani, analala wapi, na kama amewahi kuuma mtu, hata kama ni zamani na jeraha lilikuwa dogo. Hili la mwisho wengi hulificha wakidhani bei itapanda. Haipandi. Ila tukiligundua katikati ya kazi tunasimama na kuanza upya, na muda huo unalipiwa.