Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuacha ukatibu

Mpwa wangu,

Hujambo? Mama yako ameniambia unataka kujiuzulu ukatibu wa chama chenu pale chuoni. Ati kazi yenyewe ni vikao, mihtasari na kufukuzia michango, na mabadiliko hayaletwi na daftari. Kisha ukamtolea mfano wa Rosa Parks: mama mmoja katoka kazini kachoka, kakataa kumpisha mzungu kiti, Marekani nzima ikatikisika. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeisimulia habari ile namna hiyo.

Rosa Parks alikuwa katibu. Tangu 1943 ndiye aliyeshika daftari la tawi la NAACP mjini Montgomery, jimbo la Alabama, chama kilichokuwa kikitetea haki za watu weusi tangu 1909. Alijibu barua, akaandika mihtasari, na zaidi ya yote akachukua maelezo ya watu waliopigwa na kudhulumiwa. Mwaka 1944 alikwenda mji wa Abbeville kumsikiliza Recy Taylor, mwanamke aliyebakwa na kundi la wanaume weupe. Hakuna aliyefungwa. Kwa hiyo aliposhikwa ndani ya basi tarehe 1 Desemba 1955, alikuwa na miaka 12 ya kazi ya chama nyuma yake. Uchovu? Mwenyewe alisema hakuwa amechoka mwili kuliko siku nyingine. Alichochoka nacho ni kuridhia.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwezi Machi mwaka huohuo, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alishushwa na polisi na kutiwa pingu kwa kosa lilelile. Viongozi walimwona mdogo mno, na baadaye akapata mimba, wakaona hafai kuwa sura ya kesi. Hapo mimi siwatetei.

Usidhani shida ilikuwa viti tu. Mtu mweusi alilipa nauli yake mlango wa mbele, mara nyingi akaamriwa ashuke azunguke kupanda kwa mlango wa nyuma, na wako madereva walioondoa gari kabla hajafika. Na hao ndio waliokuwa takriban robo tatu ya abiria! Hesabu hiyo ilikuwa imeshapigwa na Baraza la Kisiasa la Wanawake, chama cha walimu na wasomi weusi. Mei 1954 mwenyekiti wao, Jo Ann Robinson, alimwandikia meya barua ya adabu kamili, akimkumbusha kwamba bila abiria weusi mabasi hayaendi, na kwamba vyama 25 au zaidi vilikuwa vikizungumza kuyasusia. Mwaka mmoja na nusu kabla ya Parks kukamatwa, mpwa wangu.

Ndiyo maana usiku ule hawakuanza kuulizana wafanye nini. Robinson alikwenda chuoni alikofundisha, akawasha mashine ya kudurufu, na yeye na wanafunzi wawili na mwalimu mwenzake wakachapa maelfu ya vipeperushi hadi alfajiri. Njia za kuvisambaza walikuwa nazo tayari. Jumatatu, tarehe 5 Desemba, mabasi yalipita matupu. Jioni hiyo kanisa lilifurika, na kasisi wa miaka 26, Martin Luther King, akahutubia kama mwenyekiti wa jumuiya mpya iliyoundwa mchana uleule. Parks alitambulishwa, hakupewa nafasi ya kusema. Wanaume walijaza jukwaa kwa kazi iliyoandaliwa na wanawake. Nadhani wewe hilo halikushangazi.

Kususia kulidumu siku 381. Hotuba hazifikishi mtu kazini asubuhi, kwa hiyo kamati ya usafiri ilipanga magari yapatayo 300, yenye vituo na zamu, na makanisa yakanunua mengine. Kampuni za bima zilipofuta bima za magari hayo, walikwenda kuipata London. Mpishi Georgia Gilmore na wenzake walikaanga kuku na kuoka keki wakauza, fedha wakazipeleka kwenye mikutano. Klabu yao waliipa jina la kusema imetoka pasipojulikana, ili wanawake waliochangia wasijulikane na kufukuzwa kazi na waajiri wao weupe.

Majina yalikuwa jambo la hatari, na hapa nataka unisikilize kama katibu. Juni 1956 serikali ya Alabama ilipata amri ya mahakama kuizuia NAACP, kisha ikadai orodha ya wanachama. NAACP ilikataa kuitoa. Ikatozwa faini ya dola 100,000, ikakata rufaa, na mwaka 1958 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba chama kina haki ya kuficha majina ya watu wake. Hata hivyo haikuruhusiwa kufanya kazi tena Alabama hadi 1964. Kususia mabasi hakukufa, kwa sababu kuliongozwa na ile jumuiya mpya, yenye uhasibu wake na kamati zake. (Wakili mkuu wa NAACP miaka hiyo, Thurgood Marshall, ndiye aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960. Watu hawa walizunguka.)

Na kilichovunja sheria yenyewe ya kutenganisha abiria ni kesi. Wakili kijana Fred Gray hakumweka Parks ndani yake. Alihofia rufaa ya jinai ya Parks ingeikwamisha. Waliobaki kwenye shauri hadi mwisho ni wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na yule msichana aliyeonekana hafai, Claudette Colvin. Alikwenda mahakamani akatoa ushahidi. Novemba 1956 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kutenganisha abiria kwa rangi ni kinyume cha katiba, na tarehe 21 Desemba watu weusi wakapanda wakakaa walipotaka. Rekodi ya kukamatwa kwake Colvin ilifutwa mwaka 2021, akiwa na miaka 82.

Kama bado unaacha, basi mkabidhi mwenzio daftari likiwa limekamilika, na orodha ya wanachama usiiache mezani.

Mjomba wako