Risala ya wahitimu wa stashahada ya utabibu kwa Mgeni Rasmi, mahafali ya chuo cha afya, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Profesa;
Mkuu wa Chuo;
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi;
Mwakilishi wa Mganga Mkuu wa Mkoa;
Viongozi wa dini, wakufunzi, wazazi na walezi wetu;
Mabibi na mabwana.

Itifaki imezingatiwa. Wakubwa zetu, shikamooni.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii, na tunakushukuru wewe, Profesa, kwa kukubali kuja mwisho wa reli. Tulipoambiwa kwamba mgeni wetu ni mtu anayesimamia ushirikiano kati ya hospitali ya kufundishia na vyuo vya nje ya nchi, tulikubaliana kwamba risala ya mwaka huu isiwe ile ya viti, meza na gari la chuo. Gari bado tunalihitaji, na Mkuu wa Chuo ametuomba tusisahau kulitaja. Tumelitaja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tunaohitimu leo tutasambaa kwenye zahanati na vituo vya afya kuanzia Kakonko hadi Uvinza. Mtu anaweza kuuliza, tabibu wa zahanati na makubaliano ya maprofesa wa Marekani na Ulaya wanakutana wapi? Wanakutana kwenye meza ya kuandikia dawa. Tutoe mfano mmoja ambao mkufunzi wetu hachoki kuurudia. Kati ya 2007 na 2008, watafiti wa hospitali ya rufaa ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali katika hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 528 kati yao waliandikiwa kwamba wana malaria. Maabara ilipomaliza kazi yake, wenye malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na homa ya mgunda, wengine ugonjwa wa kutupa mimba unaotoka kwa mifugo, wengine homa ya Q na magonjwa ambayo majina yake tuliyasikia darasani siku moja na kuyasahau baada ya mtihani.

Hatusemi kwamba Kigoma ni Moshi. Malaria yetu ipo, na kila aliyekaa zamu wodi ya watoto wakati wa masika anaijua. Ila kipimo cha haraka kikisoma hasi na mtoto bado anachemka, tabibu wa Kibondo anaandika nini? Wa Moshi walau ana mahali pa kuanzia. Sisi tunaandika kwa mazoea, tunampa antibayotiki na kumwombea.

Tumejiuliza kwa nini jibu lile lilipatikana Moshi. Si kwamba fedha zilidondoka Kilimanjaro. Ushirikiano wa KCMC na Duke ulianza miaka ya 1990, kwa hiyo utafiti ule ulikuta maabara, mafundi sanifu waliokwisha kufundishwa, na madaktari wa pande zote mbili waliojuana muda mrefu. Bugando, Mwanza, kuna hadithi ya namna hiyo. Hospitali ile na chuo chake, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, wameshirikiana miaka mingi na chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York. Kwenye vijiji vya Mwanza waliona wanaume wengi hawaendi kutahiriwa, ingawa huduma ni ya bure na inapunguza hatari ya kuambukizwa VVU. Badala ya kuongeza mabango, wakakaa na wachungaji na viongozi wa makanisa, wakawapa elimu ya kitabibu na nafasi ya kuuliza maswali yao ya dini. Matokeo yalichapishwa 2017: katika vijiji ambavyo viongozi walielimishwa, asilimia 52.8 ya wanaume walitahiriwa, na kwingine asilimia 29.5. Profesa aliyekaa New York asingeweza kulifikiria lile peke yake. Lilihitaji mtu anayejua nani husikilizwa kijijini Jumapili.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi uko kwa jirani zetu wa Kenya, mjini Eldoret. Mwaka 1989 madaktari wachache wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walikwenda kushirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, wakati ambapo Moi walikuwa ndiyo kwanza wanaanzisha shule ya udaktari. Walikubaliana jambo ambalo kwa karatasi linaonekana dogo: daktari wa Indiana atakaa Eldoret muda wote, akimaliza zamu yake aje mwingine, na wanafunzi wa Moi nao wataenda Indiana kusoma wodini kama wa kule wanavyokuja kwao. Miaka kumi ikapita hivyo, wakifundisha na kutibu. Kisha UKIMWI ukajaza wodi, na mmoja wa waliokutwa kitandani akifa alikuwa mwanafunzi wao wenyewe wa udaktari. Wakatafuta dawa, akapona akasimama, na mwaka 2001 ukazaliwa AMPATH, mpango wa pamoja wa kutibu wagonjwa wa UKIMWI. Wagonjwa walipokuwa wanameza dawa na njaa tumboni, mpango ukafungua mashamba ya kuwalisha. Fedha kubwa za PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani wa kupambana na UKIMWI, zilipotangazwa 2003, Eldoret nyumba ilikuwa imesimama, zikabaki kupaua. Msimamo wao mpaka leo ni kwamba huduma inatangulia, mafunzo na utafiti vinafuata nyuma.

Profesa, utatusamehe tukisema huku kwetu mara nyingi tumeona mpangilio huo umegeuzwa. Tukiwa fildi kwenye kijiji kimoja cha mwambao, tuliwasindikiza watafiti kutoka nje. Tulitafsiri Kiha, tulibeba vikopo vya choo na chupa za damu, tukaelezwa kwamba ni utafiti wa kichocho. Wakaondoka. Tuliporudi kijijini kwa kazi nyingine, bibi mmoja alitushika mkono akauliza, "Wajukuu zangu, ile damu yangu ilisemaje?" Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Na kwenye kituo kimoja tulikofanyia mazoezi kuna mashine ya kupima damu iliyoletwa kama msaada, imefunikwa kitenge kizuri. Vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, viliisha, na nchini haviuzwi.

Yote mawili yana dawa, na dawa iko kwenye makubaliano kabla hayajasainiwa. Sheria za kumlinda mwananchi tunazo. Utafiti wa afya unapita kwenye kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na sampuli haivuki mpaka bila mkataba wa kuihamisha. Kisichoandikwa ni lini watu watarudishiwa majibu, nani atanunua vitendanishi mwaka wa tatu, na jina la nani litakaa kwenye chapisho. Na fedha. Tumejifunza kwamba kwa miaka mingi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zimekuwa zikikipa chuo cha nje nyongeza ya asilimia 8 tu ya fedha za mradi ili kugharamia uendeshaji, wakati baadhi ya vyuo vya kwao hupata zaidi ya asilimia 50. Kwa asilimia 8 utalipa umeme wa jokofu la sampuli, au mhasibu, au intaneti. Chagua kimoja. Halafu tunashangaa kwa nini hesabu za mradi zinatunzwa ng'ambo na maamuzi yanafuata hesabu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila aliyekuwa na mfadhili mmoja aliona alipokuwa amesimama.

Wasweden walitupa njia nyingine, na tunaitaja kwa sababu ilifanya kazi. Tangu 1986 Muhimbili na Taasisi ya Karolinska ya Stockholm wamefanya utafiti wa UKIMWI pamoja, na mhadhiri aliyesomea uzamivu kwa utaratibu wao alisoma kwa vipindi, miezi kadhaa kule, kisha anarudi kukusanya takwimu zake hapa. Alipomaliza, kazi yake, wagonjwa wake na familia yake vilikuwa Dar es Salaam. Hakuwa na sababu ya kubaki kwenye baridi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa nini tunayasema haya leo? Kwa sababu Kigoma inapata kampasi ya MUHAS, yaani chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, chini ya HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu ambao Benki ya Dunia imeukopesha dola milioni 425 kwa vyuo vya elimu ya juu nchini. Kampasi ikija, washirika watakuja. Mkoa huu wageni wa kitabibu hauwaogopi. Ujiji ilimpokea Livingstone, ambaye alikuwa daktari, na mwaka 1871 alifika pale yeye ndiye mgonjwa, akakuta hata mali yake imeshauzwa. Sokwe wa Gombe wamechunguzwa tangu 1960, na kinyesi chao kimewafundisha wanasayansi mengi kuhusu asili ya virusi vya UKIMWI. Tungependa sasa akina mama wa mwambao nao wajulikane hivyo, na kwa faida yao.

Ombi letu kwako ni kwamba unapokaa mezani na hao wageni, Kigoma iwemo kwenye hati tangu ukurasa wa kwanza, na matabibu wawemo. Mkoa huu ulishaonyesha, kwa mpango wa uzazi salama uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies kuanzia 2006, kwamba madaktari wasaidizi na wauguzi wakifundishwa vizuri wanafanya upasuaji wa uzazi na kutoa dawa ya usingizi kwenye vituo vya afya vijijini. Mshirika akitaka kuleta wanafunzi wake wiki nne, tunawakaribisha, ila mwambie alete na mkufunzi atakayekaa mwaka mzima. Akitaka damu yetu, aanze na swali la homa isiyo malaria. Na majibu yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti akiwepo, kabla hayajasomwa Geneva.

Lipo na dogo, ambalo halihitaji mfadhili. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa Hinari, ulioanza 2002, unaoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya tiba kwa mtandao bure au kwa bei ndogo. Tunaomba mkutubi wako amsaidie mkutubi wetu kukamilisha usajili. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanaanza masomo muhula ujao.

Mwisho, tumekuandalia dagaa wa Kigoma na dumu la mawese kutoka kwa wazazi wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu, Stashahada ya Utabibu
Kigoma